Mashine ya kutenganisha kapsuli za kahawa: ofisini inafaa, nyumbani bado

Jikoni mwa ofisi yetu hapa London imewekwa kwa majaribio mashine inayopokea kapsuli za kahawa (vikopo vidogo vyenye kahawa ya kikombe kimoja) zilizokwisha kutumika, ikatoa machicha upande mmoja na alumini upande mwingine. Kwa kuwa watengenezaji wake bado wanaiboresha na hawajatangaza bei, sitawataja. Nitakachopima ni ubunifu wenyewe.

Haja yake haina ubishi. Kapsuli ya alumini ni ndogo mno, hivyo katika mitambo mingi ya kuchambua taka hupenya kwenye matundu ya chekeche pamoja na vigae vya chupa, na hata ikiokotwa huwa imebeba machicha mabichi yenye uzito kuliko alumini yenyewe. Ndiyo sababu mwaka 2021 Uingereza ulianzishwa mpango wa Podback, ambao humtaka mtumiaji kukusanya kapsuli za alumini mbali na za plastiki, kila aina katika mfuko wake, kisha kuzipeleka kituoni au kuziweka nje zichukuliwe, iwapo halmashauri yake imejiunga. Mpango ni mzuri, lakini machicha yaliyolowa hayakawii kuota ukungu, na kufungua mfuko huo Jumatatu asubuhi si kazi ya kugombaniwa.

Kilichonivutia zaidi katika mashine hii ni namna inavyoamua cha kukataa. Sumaku haivuti alumini, kwa hiyo wabunifu wametumia koili, yaani waya uliozungushwa, inayopitisha umeme unaobadilika-badilika ili kuitambua metali. Tatizo ni kwamba kapsuli nyingi za plastiki, zikiwemo za chapa ya Tassimo, zina kifuniko chenye alumini, na koili iliyowekwa vibaya ingedanganyika kirahisi. Hapa koili imeelekezwa kwenye kitako badala ya kifuniko, na kapsuli ya plastiki hurudishwa mlangoni ikiwa nzima. Kwa maoni yangu, huo ndio ufundi hasa wa mashine hii, kwani kukata kunaweza kufanywa na kisu chochote.

Kapsuli ikikubaliwa, kisu cha mviringo huukata ukingo wa kifuniko, kisha pistoni yenye ncha ya mpira hukisukuma kitako kwenda ndani mpaka kapsuli inapinduka kama soksi na kidonge cha machicha kinadondoka kwenye droo. Ikiwa kahawa imetengenezwa asubuhi ile ile, kidonge hicho hutoka kikiwa kizima, na ganda hubaki na vumbi jembamba tu. Kapsuli iliyolala tangu wiki iliyopita ni habari nyingine: machicha huwa yamegandamana na kuta, pistoni hurudia mara ya pili, na mara nyingi nusu yake hubaki humo humo.

Dawa waliyoiona wabunifu ni kunyunyiza maji, nami siafikiani nao. Alumini inakwenda kwenye tanuri, ambako mabaki machache ya kahawa huungua, kwa hiyo hakuna sababu ya kulisafisha ganda kana kwamba ni sahani ya kulia chakula. Maji hayo hugeuza droo ya machicha kuwa uji mweusi usiofaa kumwagwa kwenye mboji bila kuchujwa kwanza. Brashi ngumu inayozunguka ingetosha, na tangi la maji machafu lingeondolewa kabisa.

Kelele zinavumilika. Kukwama hutokea pale tu mtu anapotumbukiza kapsuli aliyokwisha kuiponda kwa mkono.

Kuna watakaosema ni bora kuziacha kapsuli kabisa, kama jiji la Hamburg lilivyoamua mwaka 2016 kutozinunua tena kwa fedha za umma, na hoja hiyo siipingi. Hata hivyo, maadamu zinanunuliwa, kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini, na ofisi yenye watumiaji wengi hupata mzigo wa kutosha kuistahilisha mashine hii. Kwa familia inayokunywa vikombe viwili kwa siku, kifaa cha mkono chenye wenzo kinatosha, wala hakihitaji umeme. Kabla ya kuitia sokoni, wahamishie droo ya machicha mbele: kwa sasa iko nyuma, na kila inapojaa hulazimu mashine nzima ivutwe kutoka ukutani.