Chipu ya kufugia bakteria mmoja mmoja: kali, ila jiandae na mapovu

Nimeitumia hii chipu miezi mitatu sasa, ile wanayoiita mashine mama, naipa nyota 4 kati ya 5 na ntawaambia hiyo moja imeenda wapi.

Kwa asiyeijua, ni kipande cha silikoni laini kimebandikwa kwenye kioo chembamba, ndani kuna mfereji ambao chakula kinapita muda wote na ubavuni kwake vichochoro kibao, kila kimoja upana kama maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) na urefu kama 25, mwisho kimezibwa. Bakteria akishafika kule mwisho ndo kakaa, akigawanyika watoto wanasukumwa nje mferejini wanazolewa na maji, mama anabaki palepale unamwangalia leo, kesho, keshokutwa. Zamani nlikuwa naweka E. coli, bakteria wa utumbo, kwenye aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, mmoja anagawanyika kila dakika 20, masaa matatu tu washakuwa 512 wamebanana kama daladala ya Mbagala jioni, nani katoka kwa nani hujui! Wale watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walioitoa hii kitu 2010 waliwafuata akina mama kwa mamia ya vizazi na kasi ya kukua haikushuka, nlidhani wanatia chumvi, ila wangu siku ya tatu bado anakua vilevile.

Sasa mapovu. Povu moja dogo likipita kwenye mrija linafagia kila kitu, mimi lilinikuta saa nane usiku nkaanza upya nalia. Chakula kipashe moto kwanza ndo ukiingize, kikiwa cha baridi hewa itakutokea humohumo ndani. Halafu dawa zenye asili ya mafuta silikoni inazinyonya, yaani unadhani seli imepata kipimo kamili kumbe kapata nusu.

Za kununua tayari niliagiza kwa muuzaji mmoja, nyingi vichochoro vimebonyea, nkalalamika nkajibiwa nikacheki hadubini yangu, haya. Bora utafute kalibu umwage mwenyewe, silikoni 10 kwa kigandishi 1, toa hewa, oveni, kisha plazma (gesi iliyochajiwa umeme) ishikane na kioo. Kalibu moja inatoa chipu nyingi tu.

Na kuwaingiza vichochoroni tumia sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi, ukisubiri waingie wenyewe utakaa sana.