Fundi kompyuta wa nyuma ya soko la Mbuyuni: nyota nne, na ya tano angeipata kama angefungua kwa wakati

Nina stesheneri hapa Moshi: kuchapa, kutoa kopi, kadi za harusi, sendofu na kipaimara. Mezani kuna Dell OptiPlex 790, ile nyembamba, mtumba wa siku nyingi, na skrini mbili. Moja yangu, nyingine nimeigeuzia wateja wasome majina yao kabla sijachapa. Aliyewahi kurudishiwa kadi mia mbili kwa sababu Mmbando kaandikwa kwa m moja atanielewa.

Mwezi wa nane mpwa wangu alinipigia Windows 10 upya. Kompyuta ikawa nyepesi, lakini skrini ya mteja ikazima kabisa, na yangu ikaleta maandishi manene kama bango la duka la nyama. Nikakimbilia duka moja mjini. Yule kijana hakuwasha hata mashine. Akasema adapta, kile kichwa kinachounganisha waya wa skrini ya pili na mashine, imeungua, akaniuzia spilita, ule waya wa picha wa VGA wenye vichwa viwili, elfu kumi na nane, akaja kuuchomeka mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Skrini zikawaka zote mbili, kweli. Ila zilionyesha kitu kilekile! Mama mmoja aliyekuja kukagua kadi ya kipaimara akasoma mpaka meseji za mume wangu WhatsApp, akanipa pole. Na picha ya upande wake ilikuwa njano. Anga la buluu tuliloweka nyuma ya mtoto likawa jeusi kama mvua inakuja.

Ndipo jirani akanielekeza kwa huyu fundi. Hana bango, uliza wauza chaja. Aliniambia saa nne, akafungua saa sita kasoro, nami nimekaa kwenye ndoo na CPU mapajani. Hapo nilishampunguzia nyota.

Lakini alipoanza kazi, nilisahau njaa. Kwanza alifungua Device Manager, orodha ya vifaa vilivyomo kwenye mashine, akanionyesha kwa kidole: Microsoft Basic Display Adapter. "Mama, hii mashine haina ubaya. Haijui ina nini ndani." Windows ilipigwa bila intaneti, draiva ya Intel, programu inayoendesha sehemu ya picha ya mashine, haikuingia, na bila hiyo inaendesha skrini moja tu. Akaishusha kwa bando langu (hili naliandika), akawasha upya, maandishi yakarudi saizi yake.

Spilita akaichomoa. Alisema ule waya unagawa picha moja, kama bomba moja la maji lenye koki mbili. Ukitaka picha mbili lazima utumie matundu mawili. Mashine yangu inayo, VGA na DisplayPort, na ile adapta niliyoambiwa imeungua ilikuwa nzima. Akairudisha. Angeweza kuniuzia nyingine, nisingejua.

Njano ikabaki. Akahamisha waya kutoka skrini moja kwenda nyingine, na njano ikahama nao. Basi ni waya. Akaumulika kwa simu: pini ya tatu, safu ya juu, imelala chali. Ndiyo inayobeba buluu. Akachukua penseli ya kubonyeza, akatoa risasi, akaivisha ncha kwenye ile pini na kuinyanyua taratibu, huku ameziba pumzi. Mimi pia. Nikamwonyesha tundu lingine lisilo na pini, katikati, akacheka: waya nyingi zinatoka kiwandani hivyo.

Alinitoza elfu kumi na tano kwa yote. Risiti hana, na mashine za watu zimepangwa chini ya meza kwenye vumbi, kwa hiyo usiache yako ilale pale.

Kimebaki kitu kimoja. Kompyuta ikisinzia nikienda kula, ikiamka skrini ya mteja hubaki nyeusi. Alinifundisha kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Inapepesa, inalia kidogo, na mara nyingi picha inarudi. Isiporudi nachomoa waya na kuchomeka tena, nikimwambia mteja asubiri kidogo.

Spilita bado ninayo, haijafikisha hata wiki kazini. Anayeitaka naiachia kwa elfu kumi.