Uzoefu wangu na pikipiki ya matairi manne katika baridi ya Mufindi na Makete

Kwa miaka sita sasa nimemiliki pikipiki mbili za matairi manne. Ya kwanza niliiuza kwa bei ya chuma chakavu, na ya pili ipo uani kwangu hapa Mafinga. Kwa kuwa kila ninapoegesha sokoni watu hunizunguka wakiuliza bei na mahali pa kuinunua, nimeona niandike kwa utaratibu yale ambayo huwa ninawajibu kwa haraka huku nikitafuta ufunguo. Swali la kwanza huwa ni ukubwa wa injini. Mimi pia nilianza na swali hilo, na ndilo lililonipotosha.

Matumizi yangu ni haya. Nina shamba la misindano na milingoti lililo kilomita 14 kutoka barabara ya lami, na njia yake ni ya udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama mlenda. Gari dogo halifiki huko kuanzia Desemba hadi Aprili. Pikipiki ya kawaida hufika, lakini haiwezi kubeba pampu ya dawa, msumeno wa mnyororo na dumu la petroli kwa safari moja bila dereva kuonja tope angalau mara moja. Jumamosi nikipata nafasi huenda Ngwazi na ndoano zangu kutafuta perege, na mara mbili kwa mwaka huipakia mashine kwenye Canter hadi Chimala, kisha huiendesha mwenyewe kupanda Matamba, wilayani Makete, kwa wakwe zangu, kwa ile njia ambayo watu huiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Chimala ipo pembeni mwa tambarare za Usangu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na uwanda wa Kitulo ulio juu ya Matamba upo kwenye mita 2,600 hivi. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo iliyonifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu mashine hizi.

Ya kwanza niliinunua Dar es Salaam ikiwa mpya. Ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 250, taa nne za mbele, rangi ya kung'aa na, kwa sababu ambayo mpaka leo siielewi, spika mbili za muziki. Sitalitaja jina lake wala la duka. Injini ilitumia kabureta, nguvu ilipita kwenye mkanda usiohitaji kubadilisha gia, kisha ikafika kwenye ekseli ya nyuma kwa mnyororo kama wa bodaboda. Muuzaji aliniambia kuwa ni mashine ya kazi. Huko pwani, kwenye joto na barabara tambarare, huenda alikuwa sahihi.

Julai ya mwaka ule tulilala Matamba, na alfajiri majani yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba. Stata ilikoroma mara tatu, mara ya nne ikatoa sauti ya kijiko kikigonga sufuria, na betri ikawa imekwisha. Kiki haikuwepo. Shemeji yangu, ambaye ana punda wawili wa kubebea viazi, alinisalimu kwa heshima zote, akaitazama mashine, kisha akauliza kama nayo hupewa uji kwanza. Tulingoja hadi saa nne asubuhi, jua lilipoipasha moto, ndipo ikawaka kwa kusukumiwa umeme kutoka kwenye betri ya pikipiki ya jirani.

Baadaye nilielewa kwamba mambo matatu yalikutana asubuhi ile. Baridi hupunguza nguvu ya betri. Baridi hiyohiyo huifanya oili kuwa nzito, na mimi nilikuwa nimeweka 20W-50, oili nzito ambayo maduka mengi ya spea za pikipiki humpa mteja bila hata kumuuliza. Tena kabureta ilikuwa imepimwa usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito, kwa hiyo kule juu ilimimina petroli nyingi kuliko hewa iliyokuwepo, plagi zikalowa na kuwa nyeusi. Hata ilipowaka haikuwa na nguvu niliyoilipia, kwa sababu injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Ukifika Kitulo umekwisha kuacha njiani karibu robo ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Nilipoanza kutafuta ya pili, maelezo yaliyonisaidia zaidi hayakuandikwa na watu wa milimani bali na wavuvi wa Minnesota na Kanada, wale ambao wakati wa baridi huendesha mashine hizi juu ya maziwa yaliyoganda, hutoboa tundu kwenye barafu na kushusha ndoano. Kwao swali la kwanza si la mashine bali la barafu yenyewe: mwongozo wa kule hutaka iwe na unene wa sentimita 10 hivi kwa mtu anayetembea kwa miguu, na kati ya sentimita 13 na 18 kwa pikipiki ya matairi manne. Sisi hatuna ziwa la kuganda, na perege wa Ngwazi wangeshangaa sana. Lakini baada ya suala la barafu, watu hao hawajadili mwendo kasi. Hujadili kama mashine itawaka alfajiri ikiwa baridi ipo nyuzi 20 chini ya sifuri, mafuta yanaingiaje kwenye injini, oili ni nyepesi kiasi gani, na kama betri ina nguvu ya kutosha kuwarudisha nyumbani. Mtu aliye katikati ya ziwa jioni, kilomita kadhaa kutoka kwa jirani wa karibu, na mtu aliye kwenye shamba la miti wakati ukungu umeshuka, shida yao ni moja.

Jambo moja hawalizungumzii sana, kwa kuwa ziwa halina mteremko, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa haishiki kwa injini. Ukiachia mafuta, klachi nayo huachia, na kuanzia hapo unateremka na toroli. Siku niliyoshuka Hamsini na Saba nikiwa na gunia moja la viazi nyuma, breki zilianza kunuka kabla sijafika nusu ya kona, na muda si mrefu mkono wa breki ukagusa usukani bila mabadiliko yoyote katika mwendo. Niliielekeza kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, ikasimama, nami nikakaa kando yake kwa zaidi ya saa nzima nikisubiri vyuma vipoe na moyo utulie. Tangu siku ile simsikilizi muuzaji anayenieleza jinsi mashine inavyopanda. Ninachotaka kujua ni jinsi inavyoshuka.

Kwa uadilifu niseme kwamba mkanda wenyewe si kosa. Yamaha, kwa mfano, katika mfumo wao wanaouita Ultramatic, wameweka klachi ya ziada inayoufanya mkanda uendelee kuishika injini hata ukiachia mafuta, na Kodiak 450 yenye mfumo huo ilikuwa kwenye orodha yangu hadi dakika ya mwisho. Suzuki KingQuad pia niliitazama. Nilichochukua ni Honda TRX420 iliyokwisha kutumika, yenye gia za mguu na uwezo wa kuchagua matairi mawili au manne. Gia zake hazina mkono wa klachi, unakanyaga tu kama ile Honda C90 ambayo wazee wengi wanaikumbuka, na ukiwa gia ya kwanza mteremkoni injini yenyewe huizuia mashine. Breki ya mkono nimebaki kuitumia kama chumvi, kidogo na mahali pake.

Injini yake ni ya silinda moja, hupoozwa kwa maji, na imelazwa kwa urefu wa chasisi ili nguvu iende moja kwa moja kwenye shafti za mbele na za nyuma bila kupindishwa kona njiani. Mnyororo haupo. Mtu aliyewahi kusafisha mnyororo uliojaa tope la Mufindi saa moja jioni, akiwa na kijiti na tochi ya simu, ataelewa kwa nini jambo hili nimelipa uzito. Petroli huingizwa kwa mfumo wa kielektroniki unaopima hewa na kurekebisha wenyewe, kwa hiyo Chimala na Kitulo kwake ni asubuhi moja tu, ingawa robo ile ya nguvu haiirudishi, kwa kuwa hewa haipo. Nimeweka oili nyepesi, 10W-30, kama kitabu chake kinavyoelekeza, na katika majira matatu ya baridi haijaniangusha alfajiri hata mara moja.

Hata hivyo, mfumo huo una masharti. Pampu ya petroli hutumia umeme, hivyo betri dhaifu haisamehewi kama ambavyo wakati mwingine ingesamehewa kwenye kabureta yenye kiki. Kabla ya Juni kuingia huipima betri, na nikiwa na shaka huinunua nyingine bila kujadiliana na nafsi. Vilevile sinunui kamwe petroli ya chupa ya kando ya njia. Kabureta iliyoziba fundi yeyote wa kijijini ataisafisha kwa mswaki na petroli. Kifaa cha kunyunyizia mafuta kikiziba, unaanza kupiga simu Dar es Salaam.

Kuhusu matairi nina kisa kifupi. Matairi ya mashine hii yameandikiwa upepo wa takriban paundi 4.4 tu, yaani kama moja ya saba ya upepo wa tairi la gari. Kijana wa kujaza upepo alipoambiwa hivyo alicheka, akaamini kwamba nimekosea, akajaza 28 kwa nia njema kabisa. Nilirudi nyumbani nikirukaruka kama mahindi kwenye kikaango, na mbele ikiteleza kila kona. Kipimo cha kawaida hakisomi vizuri upepo mdogo kiasi hicho, kwa hivyo tafuta kipimo cha upepo wa chini na utembee nacho, pamoja na pampu ya mkono.

Yapo ambayo mashine hii haiyawezi. Upana wake ni mita 1.2, kwa hiyo vile vijia vya kupita mtu mmoja kwenye kingo za milima ya Makete si vyake, na huko bodaboda ya shemeji inanipita ikinipigia honi. Toleo langu lina ekseli moja ya nyuma isiyokunjika katikati. Linabeba mzigo kwa utulivu, lakini kwenye mawe mgongo wako utajua. Keria ya mbele imeandikiwa kilo 30 na ya nyuma kilo 60, na gunia la viazi la kwetu huwa haliwezi kusoma maandishi hayo. Kiti chake, ijapokuwa kirefu, ni cha mtu mmoja. Dereva huhitaji kusogea mbele akipanda na nyuma akishuka, na abiria akiwepo nafasi hiyo haipo, mashine ikaweza kuinuka mbele na kukulalia. Kumkatalia mzee anayeomba lifti kwenye mvua ni kazi ngumu kuliko kupita tope lenyewe, nami hukatalia, kisha hurudi kumfuata kwa gari kama barabara inaruhusu.

Bei niliyolipa ilikuwa karibu sawa na pikipiki mpya nne za bodaboda. Kwa mtu ambaye njia yake ni ya changarawe na mzigo wake ni begi, sioni sababu ya kutumia fedha hizo, na nimewaambia hivyo watu wengi sokoni ingawa huniangalia kama ninayewaonea wivu. Kwenye tope hula lita moja kwa kilomita 11 hivi. Filta na plagi napata Mafinga au Iringa, beringi hupatikana kwa namba iliyochongwa ubavuni mwake, lakini vipuri vyenyewe vya kampuni huchukua wiki moja hadi mbili kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kulipa nilimchukua fundi wangu tukaenda naye, na kwa fedha nilizompa siku ile sijawahi kujuta. Mimi nilikuwa natazama rangi, yeye alilala chini. Alikagua vifuniko vya mpira vya ekseli za mbele, kwa sababu vikichanwa na kisiki tope huingia na kiungo husagika ndani ya wiki chache. Aliinua kila tairi akalitikisa kusikiliza beringi. Kisha akamwomba mwenye mashine aizime na tuondoke tukanywe chai. Tuliporudi baada ya saa mbili, injini ikiwa imepoa kabisa, akaniambia, "Sasa iwashe, Mwalimu." Alikuwa amegundua kwamba tulipofika tuliikuta ikiwa ya moto tayari, na muuzaji anayeipasha moto mashine kabla ya mteja kufika huenda ana jambo analoficha. Huyu hakuwa na jambo. Iliwaka kwa mguso wa kwanza, na mwezi huu, kabla mvua hazijaanza, nimempelekea fundi yuleyule abadilishe viatu vya breki ya nyuma, ambavyo ndivyo kitu pekee kilichokwisha kulika.