Ramani ya Mombasa isiyoingiza meli: uzoefu wangu na ramani za watu kwenye Cities: Skylines

Naandika nikiwa bado na hasira, maana nikisubiri zipoe nitaanza kumtetea mtu asiyestahili. Cities: Skylines nimelicheza miaka mingi, tangu wakati watu wanashangaa kwamba kikampuni cha Tampere, Finland, kimetoa gemu la kujenga miji lililowafunika wakubwa. Ramani za watu nimeshusha hadi sizikumbuki tena. Zipo nilizozipenda, zipo nilizozifuta kabla hata sijaweka barabara ya kwanza. Lakini hii ya Mombasa imenichoma, na imenichoma kwa sababu ilikuwa nzuri.

Kwanza niseme jinsi nilivyoinasa. Ilikuwa msimu wa mvua, hakuna kutoka, nikawa napitia Steam Workshop, pale wachezaji wanapowekeana ramani walizozitengeneza wenyewe, usiku natafuta kitu cha nyumbani. Ramani za gemu lenyewe nilishazimaliza, na zile za milima ya theluji zimenichosha. Mimi theluji naijulia wapi? Mara nikaona kisiwa. Kimepigwa kutoka juu, jua linazama, mlango wa Likoni unang'aa, Tudor inapinda kama inavyopinda, na maelezo chini yanasema ukubwa ni wa kweli, barabara kuu ipo, reli ipo, bandari inafanya kazi. Nikabofya sikufikiri mara mbili. Wewe ungefikiri?

Ushauri mmoja hapa hapa kabla sijasahau. Picha za ramani ni sawa na picha za mawakala wa viwanja huko Kikambala: bahari utaonyeshwa, barabara ya kufikia kiwanja hutaonyeshwa. Hizo rangi za jioni zinatoka kwenye modi za mwanga (modi ni viongezo vya gemu vinavyotengenezwa na wachezaji) ambazo pengine wewe huna. Ukiifungua kwako, maji yamepauka na nyasi zina rangi ya kuumwa. Hilo nilishalizoea, sikumhesabia mwenye ramani.

Na haki yake nimpe, kwa sababu kazi ya ardhi aliifanya kwelikweli. Ramani nyingi za mahali halisi huanzia kwenye picha ya miinuko, ile isiyo na rangi ambayo weupe na weusi wa kila pikseli unasema ardhi imepanda kiasi gani. Gemu linataka pikseli 1081 kwa 1081, na kila moja inasimamia mita 16. Vipimo vyenyewe mara nyingi asili yake ni rada ya chombo cha Endeavour, kilichozunguka dunia siku 11 mwezi wa Februari 2000. Sasa rada ile haikupenya mpaka chini ya majani. Kwenye mikoko inagonga matawi, halafu inaandika kwamba hapo pana kilima. Ndiyo maana ramani za Pwani yetu zilizotengenezwa kivivu zimejaa vilima vya ajabu ukingoni mwa maji, mahali ambapo aliyewahi kwenda kutafuta kaa anajua ni tope mpaka magotini. Bahari nayo kwenye vipimo hivyo ni bapa, haina kina hata kidogo; anayetengeneza ramani lazima aichimbe mwenyewe kwa mkono.

Huyu bwana alichimba. Alisawazisha mikoko yote ya Tudor. Pale Mama Ngina amekata jabali likashuka wima baharini, ukishusha kamera chini unaweza kukaa tu ukatazama. Shelly ina ufuo wake, Nyali ina ufuo wake, na Port Reitz imeingia ndani vizuri na vijimkono vyake vyote. Wiki za kwanza nilikuwa namtangaza kwa kila mtu. Nilimwita mdogo wangu aje aone, tukawa tunabishana ni wapi hasa pangekuwa Majengo.

Makupa kulikuwa na tatizo, lakini tatizo la kusamehewa. Rada ya mwaka 2000 iliona tuta, na yeye akaliacha tuta, kwa hiyo kisiwa kimeshikana na bara na maji hayapiti. Ukilijua gemu hili unajua balaa lake: maji yana mwendo wake, yanabeba uchafu, na yasipokuwa na pa kwenda uchafu unabaki pale pale. Maji taka ya upande wa Tudor yaligeuka kahawia, yakatambaa mpaka kwenye pampu, na watu wakaanza kuugua mtaa mzima. Nikachukua zana ya kuchonga ardhi, nikalikata tuta, nikapitisha daraja. Mombasa yenyewe ilingoja mpaka 2022 kupata daraja la Makupa na maji kupita tena, basi nani ni mimi nimlaumu mtu kwa hilo?

Haya. Bandari.

Bandari ya mizigo hupewi siku ya kwanza. Lazima mji ukue, watu wafike idadi, ndipo inafunguka. Kwa hiyo nilijenga. Nikaweka Mji wa Kale kwa vichochoro, ambavyo gemu hili halivipendi kabisa. Nikaweka viwanda Changamwe, nikapitisha reli. Mji wote niliupanga ukiegemea Kilindini, kwenye bandari yenyewe, kwa sababu Mombasa bila Kilindini ni nini? Siku ilipofunguka nilikuwa na chai pembeni. Nikaiweka ng'ambo ya Mtongwe, ikakaa, ikashika njia ya meli iliyochorwa pale majini, barabara ikaunganika, umeme ukawaka, wafanyakazi wakaingia.

Meli haikuja.

Nikaongeza kasi ya gemu. Haikuja. Viwanda vikaanza kuweka alama zile za kulalamika juu ya mapaa, huyu hana malighafi, yule hana wanunuzi. Malori yote yakageukia barabara kuu, foleni kutoka Changamwe mpaka Makupa (hiyo angalau ilikuwa Mombasa ya kweli). Nikaondoa modi zote nikafungua upya. Hakuna. Nikavunja bandari nikaihamishia Mbaraki. Hakuna.

Basi nikashika kamera nikaifuata ile njia ya meli kwa jicho, pole pole, kutoka gatini kwenda baharini. Ukichagua bandari gemu linakuonyesha mistari ya njia hizo juu ya maji. Unatoka Kilindini, unapita Likoni, unakaribia kutoka mlangoni, mkabala na Shelly, na hapo mstari unakatika. Mbele kidogo unaanza mwingine, unaelekea zake mpaka mwisho wa ramani. Kati yao pana mwanya. Mwanya mdogo, hautoshi hata kupitisha jahazi likiwa kiubavu. Vipande viwili havikuunganishwa. Basi. Kwa sababu kipande cha nje kinafika kwenye mpaka, ukurasa wa kuchagua ramani unakuonyesha alama ya meli, kila kitu kizuri, bandari ipo! Ipo wapi?

Mdogo wangu alisimama nyuma ya kiti akatazama, akasema, “Kaka, Mombasa gani hii haipokei meli? Wewe umejenga Voi.” Nilimfukuza chumbani.

Na kinachouma zaidi ni kwamba dawa yake ni kazi ya kufumba na kufumbua, ila kwa mtu ambaye hajaanza kujenga. Unaifungua ramani kwenye kihariri, ile sehemu ya gemu ya kutengenezea ramani, unaunganisha ule mstari, unaihifadhi kwa jina jingine. Lakini mji uliokwisha kujengwa haubadiliki. Umebeba ramani yake ya zamani ndani yake, na ule mwanya umo humo humo. Kwa hiyo Mji wangu wa Kale, vichochoro vyangu, daraja langu la Makupa, vyote vimefungwa upande ambao meli haifiki.

Nikamwandikia. Na nilimwandikia kwa adabu, nisije nikaambiwa nilianza mimi. Nikamsalimu, nikamsifu kwa Mama Ngina, nikamsifu kwa mikoko, nikamtumia picha ya ule mwanya na mshale mwekundu juu yake. Zikapita siku. Jibu likaja: ramani ni ya bure, wengine wote hawajalalamika, pengine ni modi zangu. Nikamjibu kwamba modi nimezitoa zote, tena picha anaiona, mshale anauona. Akanijibu sentensi moja, kwamba kama bandari inanisumbua sana nijenge mji wa nchi kavu. Kisha akanifungia.

Mji wa nchi kavu! Kwenye ramani ya Mombasa!

Hili neno “bure” limenichefua. Bando la kushushia ni la bure? Umeme ni wa bure? Usiku wangu je? Hakuna anayemdai pesa. Mtu akikukaribisha kwake akakupa chai iliyoingia chumvi, humdai bei ya chai, lakini ukimwambia ina chumvi hakufukuzi barazani. Nilikuwa tayari kumsaidia, ningemtumia hata ramani iliyorekebishwa aiweke kwa jina lake mwenyewe. Hakutaka kusikia. Nikaenda nikaweka dole gumba chini, na nikaliweka chini hata kwa zile ramani zake nyingine mbili ambazo, nikisema kweli, sina ubaya nazo.

Tangu hapo nachagua ramani kwa namna nyingine kabisa, na sijali mtu akiniona mkorofi. Picha siziangalii tena. Nikishusha ramani, kabla ya kuianza naifungua kwanza kwenye kihariri, nazunguka kwenye kingo zake. Barabara kuu inaingia na kutoka? Reli inafika mpakani au imeachwa porini? Njia ya meli naifuata yote kwa jicho, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama inachosha. Njia ya ndege pia. Halafu naangalia kipande cha kuanzia kimewekwa wapi, kwa sababu gemu halikupi ramani nzima: bila modi unanunua vipande 9 tu katika vile 25 vya katikati, na wapo wanaoweka bandari nzuri ajabu mahali ambapo mkono wako hautafika kamwe. Uzuri wa ardhi nauangalia mwisho. Ardhi unaweza kuichonga mwenyewe ukiwa ndani ya mji. Kilicho kwenye mpaka wa ramani, bila modi za ziada, hukigusi.

Marafiki wananiambia nihamie Cities: Skylines II, lile la Oktoba 2023, ramani ni kubwa zaidi na watu wanaziweka Paradox Mods. Kompyuta yangu hailiwezi, tusizungumze hayo.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe. Ile ramani sijaifuta. Nilipokuwa nimekasirika kabisa, nikakumbuka kwamba nyongeza ya Mass Transit, ile ya 2017, nilishainunua siku nyingi na ndani yake mna feri. Na njia ya feri haichorwi na mwenye ramani, unaichora wewe. Nikaweka kituo Likoni, kituo cha pili ng'ambo upande wa kisiwani, nikavuta mstari juu ya maji, tena kwa makusudi nikaupitisha karibu na ule mwanya wake. Feri ikatoka. Watu wakajaa kituoni mpaka barabarani, wengi, wamebanana, hakuna anayepungua, feri moja haitoshi, ya pili haitoshi, ya tatu nayo imejaa. Mdogo wangu nikamruhusu kurudi chumbani. Alicheka mpaka akakaa chini, anasema sasa ndiyo Mombasa, bado muuza karanga tu.

Kwa hiyo nikarudi nikabadilisha dole gumba likawa juu. Kwa ardhi ile, kwa maji yale, hakuna Mombasa nyingine niliyoiona inayoikaribia, na mtu anayetaka mji wa feri, madaraja na utalii aichukue tu, atafurahi. Likakaa juu siku chache. Kisha nikafungua mji, nikaona malori yamesimama Changamwe, nikakumbuka “jenga mji wa nchi kavu”, nikalirudisha chini. Liko chini ninavyoandika.

Ukiishusha, usianze mji siku hiyo hiyo. Ifungue kwenye kihariri, nenda mkabala na Shelly nje kidogo ya mlango, utauona mwanya bila kuutafuta. Unganisha, hifadhi kwa jina lako, ndipo ujenge. Na kama mwenyewe anapitia hapa: sijakutaja jina na sitakutaja. Picha unayo, mshale upo. Unganisha huo mstari, uniondolee kufuli, na dole langu nitaligeuza siku hiyo hiyo. Zile ramani zako nyingine mbili pia.