Bajeti kiduchu, mainfluensa watano: uzoefu wangu

Nashona na kuuza mikoba ya kubebea kompyuta mpakato. Tuko wawili tu: mimi na msaidizi wangu. Bajeti niliyoingiza kwenye kampeni hii ilikuwa ile ile ambayo kwa kawaida huimaliza kwa mwezi mmoja wa matangazo ya kulipia mtandaoni, kwa hiyo kila senti ilikuwa na mwenyewe anayeililia.

Nilianzia kwenye jukwaa mojawapo linalounganisha wafanyabiashara na mainfluensa. Jina silitaji, maana nina ya kuwasema. Ila haki yao niwape kwanza: pesa yako inashikiliwa na jukwaa mpaka posti ipande, na mkataba unaukuta tayari, unajaza tu tarehe na idadi ya posti. Kwa mtu anayeanza, hilo peke yake linapunguza presha. Mmoja aliposuasua wiki nzima bila kutuma video, niliomba pesa irudi na ikarudi siku ya pili, sikugombana na mtu.

Kinachokera ni namna wanavyokupangia watu. Kigezo cha juu kabisa ni idadi ya wafuasi, kana kwamba ndiyo bidhaa unayonunua. Wanakata asilimia 20 ya malipo. Mazungumzo yote lazima yafanyikie humo ndani, na akaunti nyingi zinazoonekana wazi hazijibu kabisa. Niliandikia watu kumi na tisa, wakajibu saba.

Kati ya hao nikachukua watano. Mmoja alikuwa na wafuasi 80,000, na yeye peke yake alimeza nusu ya bajeti. Wanne waliobaki walikuwa na kati ya 3,000 na 9,000. Kosa langu la kwanza ndilo hilo la nusu ya bajeti, na nililifanya macho yakiwa wazi. Hesabu ya kupima wafuasi wanavyoitikia posti nilikuwa nayo mkononi: unajumlisha laiki na komenti za posti, unagawa kwa idadi ya wafuasi, unazidisha kwa mia. Yule mkubwa alikuwa anapata kama 900 kwa posti, yaani asilimia 1.1. Mdogo mmoja, fundi wa kompyuta mwenye wafuasi 4,100, alikuwa anapata kama 250, yaani asilimia 6 hivi. Nikaiona, nikaipuuza. Ile 80,000 ilishanilevya.

Rili ya mkubwa ilipanda jioni. Nzuri kweli, taa safi, mkoba wangu begani unang'aa. Komenti zikamiminika: moto, moto, moyo, "umetokelezea", "hiyo nywele umefanyia wapi?" Nilizisoma zote hadi usiku. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari za mkoba. Alinifikishia watu, hilo sikatai, ila walikuja kumtazama yeye.

Sasa fundi kompyuta. Video yake ilikuwa ya kawaida tu, mezani kwake, bisibisi zimezagaa. Mtu akauliza kwenye komenti: "Inaingia ya inchi 15.6?" Mimi ningejibu "ndiyo, karibu". Yeye akachukua futi ya kamba, akarekodi stori. Akaonyesha kwamba hiyo 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona, siyo upana wa mashine. Akapima kioo kwa upana, kikaja kama sentimita 34 na nusu, akapima mashine nzima na ukingo wake, kisha akapima ndani ya mkoba na kuonyesha nafasi iliyobaki. Halafu akaichomeka mashine na kufunga zipu taratibu mbele ya kamera. Stori ya sekunde arobaini hivi. Oda sita ziliingia usiku ule ule, na wawili kati yao waliniandikia inchi za mashine zao bila kuulizwa.

Tangu hapo, kabla sijaangalia kitu kingine kwenye akaunti ya mtu, nashuka kwenye komenti. Natafuta vitu viwili: wafuasi wanauliza maswali ya kweli, na mwenye akaunti anayajibu. Komenti za neno moja moja zinazojirudia kutoka kwa akaunti zisizo na picha, hapo naondoka. Wafuasi wa kununua bado wapo tele, ingawa FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ilipiga marufuku biashara ya viashiria bandia vya mitandaoni, kama hao wafuasi, kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024.

Upande wa kupima matokeo nilijiandaa nusu. Kila mtu nilimpa kuponi yake ya punguzo na linki yake yenye alama za UTM (maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki), ili nijue mteja katokea kwa nani. Kwenye Instagram linki ya kwenye maelezo ya posti haibonyezeki, kwa hiyo iwekwe kwenye bio au kwenye stori kwa stika ya linki, ambayo tangu 2021 haihitaji tena uwe na wafuasi 10,000. Mmoja aliiweka kwenye maelezo na kuniambia kazi imekwisha. Ikabidi nimbembeleze airudie.

Kuponi nazo zikanichezea. Wiki ya pili, kuponi ya dada mmoja ikaanza kuleta oda mfululizo, tisa ndani ya siku mbili, wakati posti yake ilishalala. Kumbe kuna tovuti zinazokusanya kuponi, na yangu ilishafika huko. Hao walikuwa wateja ambao tayari walikuwa wamefika kwenye ukurasa wa kulipia, wakaenda kutafuta punguzo, wakalipata. Nimewapunguzia bei watu ambao huenda wangenunua tu. Sikuwa nimeweka tarehe ya mwisho wala kikomo cha matumizi. Uzembe wangu, siwezi kumlaumu dada wa watu.

Lingine la kuandika kabisa kwenye makubaliano ni skrinshoti za takwimu. Stori inaondoka baada ya saa 24, na idadi ya walioitazama na waliobonyeza linki anaiona mwenye akaunti, siyo wewe. Wawili walinitumia bila shida. Mmoja hadi leo anasema "nakutumia baadaye".

Mkataba wa lile jukwaa pia haukusema lolote kuhusu kuitumia video kwingine. Nilitaka kuigeuza ile ya fundi kuwa tangazo la kulipia, akaniambia kwa upole kwamba tulikubaliana posti, hatukukubaliana sura yake itembee mitandaoni kwa pesa. Ana haki. Nikaongeza malipo kidogo kwa siku 60, na hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Kuhusu lebo ya ubia wa kulipwa: mmoja hakutaka kuiweka, eti inapunguza watazamaji. Nilisisitiza mpaka akaiweka. Mteja akija kugundua baadaye kwamba sifa zililipiwa, anayechafuka ni mimi.

Matokeo bila kupaka rangi: ili bajeti irudi nilihitaji kuuza mikoba 26 ndani ya mwezi. Fundi alileta 14, wawili wengine 5 na 2, wa nne sifuri, na yule aliyemeza nusu ya bajeti akaleta 3. Jumla 24, nikiziacha zile tisa za kuponi iliyovuja. Kwa hiyo mwezi wenyewe nilitoka na hasara ndogo. Tangazo la video ya fundi ndilo lililoifuta, wiki tatu baadaye.

Jukwaa nalipa nyota 3 kati ya 5. Mbili zimeenda na lile kato na ule upangaji wa watu kwa wafuasi. Nikipata mtu mpya nisiyemjua nitarudi huko kwa ajili ya ulinzi wa pesa tu.

Awamu ijayo nimeshaipanga: fundi peke yake, video moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kuponi inayokufa siku ya saba. Tayari ameniuliza kama naweza kuhamishia mfuko wa chaja upande wa nje, maana wafuasi wake wanalalamika kwamba chaja inakwaruza mfuniko wa mashine. Sampuli iko kwenye cherehani sasa hivi.