Gesi ya "kilo sita" ambayo si kilo sita: uzoefu wangu na duka moja la gesi hapa Nakuru

Jina la duka siliandiki, wateja wao watalijua wakifika pale kwenye maneno ya makaa. Nimekaa na hii hasira tangu mwezi jana au ule wa nyuma yake, nikidhani itapoa, haijapoa.

Mimi napika nyumbani, na si kwa mapenzi tu, ni hesabu. Nyumba yenye watoto ikianza kununua chapati na maharagwe ya hoteli, mshahara haufiki katikati ya mwezi. Kwa hivyo maharagwe nanunua kwa gorogoro pale Wakulima, naenda jioni jioni wakati akina mama wa nyanya wanataka kurudi nyumbani na bei inashuka yenyewe hata kabla hujaanza kubishana, mahindi nasagisha posho badala ya kununua unga wa pakiti, na wikendi naweka sufuria moja kubwa ya maharagwe, nimeyaloweka tangu usiku, yakiiva nagawanya kwa mikebe naweka kwa friji. Yakilowekwa yanaiva haraka, na wiki nzima kazi inabaki kukaanga kitunguu na nyanya tu, dakika chache za moto. Watu huniuliza nawezaje na bei za siku hizi, na mimi huwaambia waangalie moto. Chakula chenyewe utapata cha bei nafuu ukijua pa kwenda, kinachokumaliza ni kukiivisha.

Sasa fikiria mtu anafanya hayo yote halafu meko, ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita, inaisha kabla ya wakati wake. Si mara moja. Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake, mume wangu akasema ni githeri inamaliza gesi, dada yangu akasema regulata inavuja, tukaipaka povu la sabuni tukaangalia, hakuna kipovu hata kimoja. Na kwa kuwasha huwezi kujua kitu. Gesi ndani ya mtungi ni maji maji, inageuka hewa ikitoka, na bora kuna yale maji yamebaki ndani, presha inakaa karibu ile ile, kwa hivyo siku ya kwanza moto utakuwa buluu safi hata kama umeuziwa nusu. Kutikisa ni kujisumbua. Kinachojua ukweli ni mizani peke yake.

Ndio nikaenda pale dukani siku moja nikaamua leo napimiwa kwanza. Nikamsalimia dada wa kaunta vizuri kabisa, nikamwambia, "Dada, naomba unipimie huo mtungi kabla sijalipa." Hakuinua macho kwa simu. "Mizani imeharibika." Nikamuuliza, na ile ni nini? Kwa sababu mizani ilikuwa pale chini ya meza, naiona, imepangiwa kreti za soda juu. Hapo ndio akaniangalia, akaangalia na foleni iliyokuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama, watu wa kuhesabu gramu hutumia makaa."

Kuna kijana kwa foleni alicheka.

Aki nilinyamaza. Nimekuwa nikinunua hapo tangu wafungue, nimewaletea majirani karibu ploti nzima, na mtoto ambaye ningeweza kumzaa ananiambia hivyo mbele ya watu. Ndio, nahesabu gramu! Nahesabu na vijiko vya sukari na ninajua mafuta ya kupikia yatafika lini, kwani ni aibu? Mwenye duka mwenyewe hanunui gesi kwa kukadiria na macho huko anakoitoa, analipa kwa kilo, kwa nini mimi nilipe kwa imani?

Nililipa kwa sababu watoto walikuwa njiani kutoka shule na nyumbani hakuna moto. Lakini kijana wao wa boda, na huyu nitamsifu kila mahali, alikuwa amesikia yote. Tulipofika kona yenye kinu cha posho akasimamisha pikipiki mwenyewe, akaniambia polepole, "Mathe, hapa kuna mizani. Tupime kama unataka." Mzee wa posho akasongesha magunia, tukauweka. Kwenye mshikio wa juu wa mtungi kuna namba imegongwa kwenye chuma, huo ndio uzito wa mtungi ukiwa mtupu, na kila mtungi una yake. Huu nilioletewa rangi ilikuwa imejaa ndani ya namba, nikaikwaruza na kucha mpaka ikasomeka, 7.2. Ukiongeza kilo sita za gesi unapata 13.2. Mizani ikasema 11.9. Mzee akautoa, akaacha mizani irudi sufuri, akauweka tena. 11.9.

Kilo moja na gramu mia tatu hazimo. Chukua gesi ya shilingi 1,200, hiyo ni 260 imebaki dukani. Hiyo 260 kwangu ni unga na sukuma na nyanya za siku mbili. Jioni ngapi nimesimama Wakulima na miguu inauma nikitafuta kuokoa shilingi hamsini, halafu mtu anachukua 260 mara moja na kunielekeza kwa makaa.

Na sili, ile plastiki ya kufunga mdomo wa mtungi, ilikuwa haijaguswa. Hapo ndio nilianza kuogopa badala ya kukasirika, kwa sababu ina maana ama imetoka kwa kampuni ikiwa hivyo, ama kuna mtu mahali anajaza mitungi kienyeji na ana sili zake. Embakasi, Februari 2024, watu walikufa na mamia wakaumia yadi ya gesi ilipolipuka, na ni yadi ambayo EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, ilikuwa imeinyima kibali. Hiyo si hadithi ya Nairobi pekee, hiyo ni gesi iko kwa jikoni ya kila mtu.

Tena gesi si kitu tulipata kwa urahisi. 2021 serikali iliweka VAT ya asilimia 16, hapa kwetu watu wengi walirudi kwa makaa na meko ikawa ya kuchemsha chai tu, 2022 wakashusha hadi 8, 2023 ndio ikaondolewa kabisa. Tumepumua kidogo na sasa ni duka linajikatia ushuru wake.

Nikarudi na mtungi. Kwa bahati mwenye duka mwenyewe alikuwa amefika. Mwanzo akaniambia labda mizani ya posho ni mbovu, nikamwambia ile mizani hukaguliwa na watu wa vipimo wa kaunti, yako je? Akatoa kreti. Mizani iliyoharibika ikafanya kazi bila shida, ikasoma 11.9 mbele ya watu wote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pole sana mama," akanipimia mtungi mwingine, huu ulikuwa sawa, na akamwambia kijana anipeleke bila malipo.

Kwa hivyo wacha niseme ukweli wote. Alinibadilishia bila kelele. Bei yao bado iko chini kuliko ya maduka mengine upande huu, deliveri ni ya haraka hata usiku, na kijana wa boda ana adabu kuliko wengi. Nilifika nyumbani nikiwa nimeamua nitawapa nyota tatu, niwaambie watu nendeni lakini muombe mizani, na yule dada afundishwe kuongea na wateja.

Hapana. Nikiandika hivi naona tena alichofanya mwenye duka baada ya kuniambia pole. Ule mtungi wa 11.9 hakuuweka kando. Aliuinua na mkono wake mwenyewe akaurudisha kwa laini pamoja na ile mingine ya kuuzwa, mimi nikiwa nimesimama pale, na kwa sababu nilikuwa nimechoka na watoto wananingoja nilidhani atautoa baadaye. Mtu anayejua mtungi una upungufu na bado anaurudisha kwa laini, pole yake ni ya nini? Ilikuwa ya kuninyamazisha mimi, na mteja anayefuata ashughulikie yake. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa boda.

Nitapeleka malalamiko kwa ofisi ya vipimo ya kaunti, na kama mko upande huu mnunue pale mnapopimiwa kabla ya kutuma M-Pesa, mizani ikiwa "imeharibika" muende duka lingine. Na kuna mtu ameshauziwa ule mtungi. Ni mdogo, wa kilo sita, angalia kwenye mshikio, namba ni 7.2 na rangi imekwaruzwa hapo. Kama uko jikoni kwako, uliuziwa pungufu, rudi ukadai pesa zako.