The Hunger Games ilivyosomwa na mwenye kibanda Likoni

Nina kibanda Likoni, si mbali na feri: unga, sukari, mafuta ya kupima, na asubuhi mahamri na mbaazi. Mtu wa kazi hii ukimpa riwaya yenye nafaka na mafuta ndani, jicho lake litaruka mishale na mapanga litue kwenye vipimo. Ndivyo nilivyoisoma The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008, kwa hiyo waliokipendea kitabu hiki mapenzi ya Katniss na Peeta watanivumilia.

Kisa nitakipitia haraka, maana wengi mmeiona filamu ya 2012. Nchi inaitwa Panem. Mji tajiri wa Capitol unatawala wilaya 12, na kwa kuwa zamani wilaya ziliasi, kila mwaka kila moja inatoa mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18. Wanafungiwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, na wazazi wao wanalazimishwa kutazama kwenye televisheni. Safari hii wanaotoka Wilaya ya 12 ni Katniss, msichana anayetusimulia, na Peeta.

Mie kilichonishika ni kura yenyewe. Kwa maandishi watoto wote ni sawa: ukifika miaka 12 jina lako linaingia mara moja, 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi 18 mara saba. Ila mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake ili apewe tessera, yaani nafaka na mafuta ya mwaka mzima ya mtu mmoja, tena ya kubania. Anaweza kuchukua moja kwa kila mtu wa nyumbani kwao. Sasa tazama mtego ulipo. Chakula kitaliwa kiishe, lakini jina halitoki. La mwaka huu linakaa, la mwaka ujao linawekwa juu yake.

Nilichukua kalamu. Katniss, babake alipokufa mgodini, alianza na miaka 12: jina moja la lazima, na tessera tatu, yake, ya mamake na ya mdogo wake Prim. Manne. Kila mwaka manne mengine, na kufikia miaka 16 jina lake limo mara 20. Rafikiye Gale ana miaka 18 na nyumbani kwao ni watu watano; yeye limo mara 42. Binti wa meya, asiyejua kulala njaa, hayazidi matano. Kukopa harusi, kulipa matanga, na huku matanga ni ya kweli.

Hadithini hamna benki wala dalali, lakini aliyewahi kukopa kwa simu ataujua mtego huu kabla hajamaliza sura ya kwanza. Pesa inaingia papo hapo, hakuna anayekuuliza utalipa na nini, na ukichelewa shemeji yako anapigiwa simu aulizwe umejificha wapi. Usumbufu huo wa jamaa na marafiki ulizidi hadi Benki Kuu ya Kenya ikaukataza kwenye kanuni zake za mwaka 2022. Mteja wangu mmoja, mama muuza samaki, alikuwa akikopa programu hii kulipa ile, kisha anakuja kwangu kuchukua nusu kilo ya unga. Akaniambia, "Niandike, dadangu. Hili lako angalau namjua ninayemlipa."

Na kitabu kinalijua deni la namna hiyo pia, la mtu kwa mtu, na hapa ndipo ninapokivulia kofia. Zamani Katniss akiwa hoi kwa njaa, Peeta, mtoto wa mwoka mikate, alimrushia mikate miwili iliyoungua na kipigo cha mamake akala. Katniss hakuwahi kumshukuru, na jambo hilo linamkereketa miaka yote. Baadaye uwanjani, Thresh wa Wilaya ya 11 anapata nafasi ya kumuua, akasikia jinsi alivyomtunza mtoto Rue wa wilayani kwake, akamwacha aende: mara hii tu, hawadaiani tena. Peeta anasimuliwa na haelewi. Katniss anamwambia kwamba yeye siku zote alikuwa na cha kutosha, angekulia mtaa wa wachimba makaa asingehitaji kuelezwa.

Lakini Collins hamfanyi Peeta tajiri wa bure. Nyumbani kwa mwoka mikate wanakula mikate iliyolala, ile iliyokosa mnunuzi. Hapo nilicheka peke yangu. Wanangu wanajua mahamri ya moto ni ya wateja, ya jana ndiyo yetu.

Rue akishauawa, Wilaya ya 11 inamtumia Katniss mkate. Zawadi za uwanjani hununuliwa na watu walio nje, na bei hupanda kila siku ikipita: pesa ya mlo kamili wa siku ya kwanza, siku ya 12 huenda ikapata biskuti moja. Kwa hiyo mkate ule ni senti za watu wasio nazo, walizomchangia mtoto wao, wakaamua apewe aliyemfunika maua. Nilimaliza ukurasa huo mteja akinigongea meza ya kibanda.

Kasoro zipo. Watu wa Capitol ni vikaragosi, nywele za rangi na akili za kitoto, ilhali wenye pesa ninaowaona Nyali ni watu wa adabu wanaokuamkia vizuri, na riwaya ingeuma zaidi wangekuwa hivyo. Sura za pangoni, Katniss akimuuguza Peeta, zinavutwa kama ubani wa kutafuna. Tena kinachoniuma zaidi, ile siku Katniss anatia sahihi ya tessera yake ya kwanza na kuiburura nyumbani kwa kigari cha kuchezea cha Prim imepewa mistari michache tu. Karani alimtazama vipi? Foleni ilikuwaje? Ningelipia sura nzima hapo, nikasamehe busu zote.

Nakala yangu ni ya mtumba, nimeipata Mwembe Tayari. Zile za kutolewa kopi kagua kurasa za mwisho kwanza, hupungua. Kiingereza chake ni chepesi, mtoto wa gredi ya nane anakimudu, ila watoto wanauana humu na kifo cha mwisho uwanjani kinatisha, mzazi asome kwanza. Vipo viwili vinavyofuata, vya 2009 na 2010; cha tatu ni kizito kwelikweli. Kama bado unasitasita, hesabu ya tessera imo sura ya kwanza, waweza kuisoma umesimama pale pale kabla hujamlipa muuzaji.